Volti Sita

Gari lilitoka kwenye belo la mitumba, Kiboriloni,
limejificha kati ya makoti ya baridi,
jekundu, refu kama mkate, bila rimoti, bila karatasi.
Elifuraha alilinunua kwa elfu kumi na mbili
na nusu ya jioni ya kubishana.

Rimoti aliipata kwa fundi wa Majengo.
Betri ya seli mbili ilipita Holili ndani ya boksi la viatu.
Na servo, kidude cheusi kisichozidi kiberiti,
waya wa kahawia, mwekundu, wa chungwa,
ndiyo iliyopewa kazi ya kuamua kushoto na kulia.

Siku ya kwanza, nyuma ya stesheni,
pale reli inapopotelea nyasini,
gari lilikwenda mbele kama limeitwa.
Kata kushoto, nikasema.
Tairi za mbele zikatetemeka, zikafika nusu,
na gari zima likafa.
Likafufuka. Likakata. Likafa tena,
kama mtu anayesinzia kila akigeuza shingo.

Servo mbovu, akasema Ombeni.
Servo bandia, akasema Ndewario,
ambaye kwake hata mvua ni bandia.
Elifuraha hakusema kitu.
Usiku akaunga waya mwekundu moja kwa moja kwenye betri
iliyotoka kuchajiwa, volti nane na nukta nne,
ili ishibe.

Ilishiba.
Iligeuka kulia kwa nguvu tusiyowahi kuiona,
ikagonga mwisho wake, ikaunguruma,
halafu ile harufu ya plastiki na aibu.
Moshi mwembamba, mjini Moshi.
Hata hilo hatukulicheka.

Mama alikuwa anafunga barafu za ubuyu,
akatoka na mikono myekundu.
Hajui servo. Anajua friji.
Anajua saa moja na nusu, mji mzima ukipika na kupiga pasi,
taa inavyoiva rangi ya chungwa,
friji inavyoguna, inavyojaribu, inavyoguna.
Anajua umeme unaorudi usiku wa manane kwa hasira,
ulioiua redio ya baba.
Ndiyo maana kati ya ukuta na friji
amemweka mpatanishi wa chuma, stabilaiza,
anayelia tik, tik, usiku kucha.

“Mlimnyima, akalegea.
Mkamlisha kwa sepetu, akafa.
Mlimpima lini?”

Hatukuwa tumempima.

Testa ya kuazima. Servo ya pili, kwa pesa ya madaftari.
Ubavuni, maandishi ya ukubwa wa chawa:
nne nukta nane hadi sita.
Yalikuwepo hata kwenye ile ya kwanza,
tuliyoizika ndani ya kopo la majarini.
Elifuraha akazikaba tairi, mimi nikasoma kwa sauti:
tano.
Tano.
Nne.
Tatu na kidogo. Giza.
Kumbe kila ilipojikaza ilikunywa mtungi mzima,
na kipokezi, mtoto wa mwisho mezani,
kikazimia kwa kiu.

Tukaitafutia kidhibiti chake peke yake,
kinachopokea nane na kutoa sita,
mzigo uwepo, mzigo usiwepo, sita.
Na ule waya mwekundu wa zamani, wa kwenye kidhibiti mwendo,
tukauchomoa, tukauvika utepe mweusi.
Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Jumamosi mlima ulikuwa umejifunika.
Gari likakata kushoto, likazunguka jiwe,
likakata kulia juu ya changarawe,
likaruka reli, likaanguka, likakata tena.
Ndewario alitafuta la kusema.
Mama alipita na ndoo ya barafu, akasimama kidogo.
“Linageuka,” akasema, akaendelea kuuza.

Siku hizi taa ikififia
Elifuraha haitazami taa.
Huinua kichwa, akaigeukia friji,
kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa,
mpaka asikie tik.