Kuganda

Kwenye chama chetu cha maziwa, Makorora,
neno hili lina sura mbili:
maziwa yakiganda, tunauza;
seva ikiganda, tunauzwa sisi.

Ilianza Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika nane.
Foleni ya ndoo imefika mlangoni kwa fundi cherehani,
Bi Mwanjaa kaandika: *Hoza, lita kumi na*
na mshale ukasimama hapo.
Hakuna kengele. Hakuna maandishi mekundu.
Feni inazunguka, taa ya kijani inawaka,
kama mtu anayekutazama machoni
naye kalala.

Nikazima, nikawasha. Ikaamka, haikumbuki kitu.

Alhamisi tena, usiku, ofisi tupu.
Kisha siku tisa za adabu.
Kisha mara tatu kati ya adhuhuri na alasiri.

Nilishuku umeme, tukanunua stabilaiza.
Nilishuku joto, tukaiazima feni ya mwenyekiti.
Nikachomoa kumbukumbu, nikayasugua meno yake ya dhahabu
kwa kifutio cha mwanangu wa darasa la tatu.
Fundi wa Dar alishuku kirusi, akalipwa, akaondoka.
Mlinzi Singano alishuku jirani,
hakumtaja.

Bi Mwanjaa hakushuku chochote. Alibandika karatasi:

    Umeganda leo tena, wenye ndoo waningoja,
    Juzi ulinena jina, lita hukutaja moja,
    Kama una neno nena, usinifiche kioja,
    Kimya chako chanichana, sema tujue pamoja.

Kimya. Hicho ndicho kilichonikera na mimi.
Nikalisoma daftari la seva mstari kwa mstari:
dakika ya saba, salama.
Ya nane, hakuna.
Ya thelathini na moja, nimeamka.
Ikanijia nikiwa nanawa mikono:
daftari la maradhi huandikwa kwenye diski,
na mgonjwa ndiye diski.
Nani ataandika tanzia yake
kwa mkono uliopooza?

Nikalala ofisini. Usiku wa nne ikaganda mbele yangu.
Nikachukua bisibisi, ncha kwenye kifuniko cha diski,
mpini sikioni, kama mkunga.

Tk. Tk. Tk.
Kimya.
Tk.

Ni mtoto wa chuoni aliyesahau neno moja katikati ya aya:
anarudi nyuma, anajikwaa palepale, anarudi,
maalimu hamsaidii,
darasa zima linangoja.
Wala haikuwa hila. Ilikuwa uaminifu uliopita kiasi.
Diski ile haikujua kusema *siwezi*.

Nikaitaka inipe hesabu zake za ndani, ikanipa, polepole:
sekta mia mbili na kumi na nne zimehamishwa,
thelathini na saba zinasubiri.
Miezi yote hiyo ilikuwa na jibu,
mimi nasugua meno ya dhahabu.

Tulifunga diski mpya. Kunakili kulichukua saa tisa.
Ile kuukuu iko dirishani, inakandamiza stakabadhi
upepo wa Raskazone usizichukue.

Lakini zile thelathini na saba hazikuja.
Nikatafuta zilikuwa nini: Machi, wiki ya pili.
Lita za Hoza, nusu ya jina la Kijazi,
siku sita za mjane wa Shemweta
mwenye ng'ombe mmoja.

Kijana wa mapokezi akaleta kauntabuku yake,
imefungwa kwenye nailoni, inanuka mtindi.
Bi Mwanjaa akasoma, nikachapa.
Kwa mjane, Jumatano, tone la maziwa limekula tarakimu:
moja, halafu nne. Au tisa.
Tukaiinua kwenye mwanga. Tukaigeuza.
Ng'ombe yule tunamjua sote, hajawahi kutoa kumi na tisa.

"Andika tisa," akasema.

Nikaandika.
Seva ikapokea papo hapo,
bila kusita.