Bili ya Mvua

Imefika bahasha ya manispaa, Wuppertal:
mvua sasa ina bei.
Si ile inayonywewa na bustani, hiyo bure;
ni inayoteleza juu ya sementi,
mita za mraba arobaini na mbili,
zilizopigwa picha kutoka angani.

Irmtraud akacheka: "Kumbe hata mawingu yana karani!"
Kisha akanyamaza.
Sementi hiyo aliimwaga marehemu Gernot,
akaandika tarehe ya harusi kwa kidole
ingali mbichi.

Bondeni, kwa akina Özgür, chumba cha chini
kimefurika mara mbili tangu Pasaka.
Maji hufuata mkondo,
na mkondo waanzia wapi?

Jumamosi akaazima mtaimbo.
Akavunja arobaini na moja.

Ile yenye tarehe huilipia kila mwaka,
yuro moja na senti kadhaa,
bila kunung'unika.