Gololi Tano

Amerudi, Bwana Mwavuli.
Nimemwona kwenye simu ya binti yangu Nyemo.
Rangi zimemkolea, koti sasa lina hadi vifungo,
na bado anaruka vilevile, magoti kifuani,
mwavuli wazi akishuka, taratibu,
kama unyoya wa kuku uani.

Jina lake halisi sikulijua mpaka juzi.
Kaseti ya Mzee Lechipya haikuwa na picha,
ilikuwa na plasta ya hospitali
na juu yake, kwa kalamu ya wino: GEMU 4.
Sisi wa Chang'ombe tukambatiza wenyewe,
sisi ambao mwavuli tuliuona mara mbili kwa mwaka
na mara zote mbili ulikuwa wa mwalimu,
wa kujikinga jua.

Chumba kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga.
Mashine ikinguruma kioo kinatetemeka,
unga wa uwele unatua kwenye chogo la runinga
na Bwana Mwavuli anakimbia ndani ya theluji.
Tulidhani ni theluji. Hatukuwahi kuiona,
na unga haukukanusha.
Shilingi ishirini, roho tatu.
Kaseti ikigoma unaichomoa, unaipuliza
kwa pumzi yenye ubuyu, unairudisha, unaomba.

Sheria ilikuwa moja: kulia.
Ukipita kisima, kisima kimekwenda.
Sarafu uliyoiacha, umeiacha.
Ukingo wa kushoto ulikuja nyuma yako
kama mjomba anayedai ng'ombe zake.
Ukisimama, unakusukuma.

Daraja la saba hakuna aliyelivuka.
Si kwamba hatukuweza. Sakalani aliweza,
Sakalani wa kidole gumba kilichopinda,
angeweza hata amefumba macho.
Ila kaseti ilikuwa na ugonjwa wake palepale:
ubao wa mwisho, kioo kinaganda,
muziki unang'ang'ania sauti moja, tiiiii,
mpaka Mzee Lechipya aje achomoe waya.

Basi tukabishana. Ng'ambo kuna nini?
Mimi: hazina. Masinjila: joka,
maana kwa Masinjila kila kitu joka.
Sakalani akasema, mvua.
Tukacheka mpaka tukafukuzwa.
Mtu abebe mwavuli madaraja saba, akauliza,
kwa ajili ya nini, kama si mvua?
Tukawekeana gololi tano,
mojawapo ile yangu ya rangi ya maziwa.

Mji nao ukaenda kulia.
Wizara zikaja, lami ikaja, taa zikaja,
mashine ya kusaga ikawa duka la dawa.
Nilipita Jumatatu kununua dawa ya mafua.
Nikasimama kidogo pale dirishani.
Foleni ikanisukuma.

Gemu mpya inaruhusu kurudi kushoto.
Nyemo haoni ajabu. "Baba, si unarudi tu."
Nikarudi. Jioni nzima nilikuwa narudi,
naokota sarafu moja moja,
nakaa kisimani bila kazi yoyote,
mpaka akachukua simu yake.

Saa tano usiku tukafika la saba.
Mikono yangu imezoea kusaini fomu;
nikafa mara kumi na moja.
Mwishowe yeye, ulimi nje, akaruka.
Ubao wa mwisho ukashika.

Nikampigia Sakalani. Yuko Manyoni, mizani ya malori.
Nyuma yake honi, na mtu anagombana kuhusu tani.
"Nimevuka," nikasema.
Hakuuliza nimevuka nini. Miaka ishirini na saba,
na hakuuliza nini.
"Enhe?"

Kwenye kiganja cha binti yangu
Bwana Mwavuli alikuwa amesimama tuli.
Hakuna joka. Uwanda wa vumbi, kama wetu tu.
Halafu tone. Halafu jingine, juu ya kitambaa,
na katika kispika kile kidogo
lilitoa sauti ya bati.
Nikakutanisha simu na simu.

Akasikiliza. Lori likapita.
"Ile ya maziwa iwemo," akasema,
akarudi kwenye tani zake.