Mwanamke Aliyemo Ndani ya Gari

Mpaka ukurasa wa tisini hakijatokea kitu.
Mume amerudi kutoka ofisini, amevua viatu,
mkewe, Oshizu, amemmiminia chai,
theluji imeanguka juu ya paa la jirani.
Basi. Kurasa tisini.

Nami nimekaa juu ya gunia, ghala la ushirika, Mbale,
mizani imelala, mvua ya Wanale inatwanga mabati,
na kitabu kimekataa kufungika.

Nambozo anauliza: Kuna aliyekufa humo?
Bado.
Kuna mapenzi?
Labda. Jana alikuwa akikunja kimono cha mumewe,
akakuta kwenye ukosi unywele usio wake.
Akaendelea kukunja.
Nambozo akacheka: Mimi ningeichoma nyumba!
Akarudi kuchambua buni.

Ningemweleza vipi?
Kwa ajili ya ule unywele
gunia la kilo sitini nimeliandika tisini,
mzee Wamimbi akaondoka akiniombea baraka.
Kwa ajili yake posho imeungua siku mbili,
watoto wamekula ukoko, wakasema mama anasoma mtihani.

Theluji sijawahi kuishika.
Naijua barafu ya friji ya duka la Mudoma,
ile ya kukwanguliwa kwa kisu,
na mvua ya mawe iliyotupiga Bulambuli nikiwa darasa la pili,
tukaokota, tukatafuna, meno yakafa ganzi.
Kwa hayo mawili
nimemjengea Oshizu mji mzima.

Asubuhi kaka yangu Wambede hunipitia
kwa Premio yake, nusu yake bado ni ya benki.
Kila akizungusha ufunguo
mwanamke husema kitu ndani ya dashibodi,
Kijapani, taratibu, adabu tupu,
kisha hanyanyui tena sauti.
Mafundi wa Namakwekwe wameshindwa kumtoa.
Wambede humjibu: Haya mama, tumesikia.
Miaka miwili nimecheka naye.

Jana usiku nilifika mwisho.
Majira mazima ya baridi Oshizu hakumwambia mumewe neno,
na siku alipofungua kinywa
mwandishi aliufunga mlango wa karatasi, tukabaki nje.

Leo nimesema: Zima.
Kazima.
Washa.
Yule mwanamke akasema maneno yake.
Washa tena.
Wambede akanigeukia: Unajua petroli ni bei gani?
Najua. Washa.