Pembe ya Shuka

Raya amenipigia kutoka Doha:
"Mama, tikiti nishakata. Siku nne, Kuala Lumpur.
Hoteli chagua wewe, nyota tano, na bei usiitazame."
Usiitazame! Ni kumwambia paka alinde papa, asimnuse.

Basi nimekaa Kibokoni, barazani kwangu,
kahawa yapoa, simu mkononi,
miwani ya marehemu Sefu puani, yangu imevunjika mkono,
nazipekua hoteli moja moja
kama atoaye chuya kwenye mchele wa pilau.

Ya kwanza ina bwawa juu ya paa, ghorofa ya hamsini na moja,
maji yamefika ukingoni kabisa na ati hayamwagiki.
Jirani yangu Zuhra achungulia begani: "Hii, hii hii!
Utaogelea na mawingu!"
Mimi nauliza, ukingo ule kwa nje huoshwa na nani,
na akiteleza je?

Miaka ishirini na saba nimetandika vitanda vya Nyali.
Vyumba kumi na sita kwa siku, Disemba kumi na tisa.
Nayajua magodoro kwa uzito
kama nilivyowajua wanangu mgongoni.
Najua taulo ikunjwavyo ikawa bata bukini,
na mgeni amvunjavyo shingo bata yule, akajifutia miguu.

Picha hazinidanganyi.
Ya pili, okidi kando ya beseni: vyumba vitatu,
ua ni lile lile, na jani lake lile lile limekunjika.
Ya tatu, zulia jeupe. Zulia jeupe, Mola nisitiri!
Aliyelinunua hajapiga magoti na sabuni
divai nyekundu ikimcheka kutoka chini ya kitanda.
Ya nne, bafu na kitanda vimetenganishwa na kioo kitupu.
Zuhra akaziba mdomo kwa leso,
tukacheka hata kikombe kikapinduka.

"Vipi Mama?" Raya kaandika.
"Bado napepeta."

Magharibi stima zikapotea mtaa mzima.
Zuhra akaenda kutafuta mshumaa, hakurudi.
Simu imebaki asilimia kumi na nne
nikafika kwenye moja isiyo na bwawa,
iko uchochoroni nyuma ya maduka ya vitambaa,
nyota zake tano zimeandikwa kwa herufi ndogo
kama mtu anayeona haya kusema umri.
Picha ya chumba ni moja tu.
Nikaikuza kwa vidole viwili.
Pembe ya shuka imekunjwa kama bahasha,
ikasukumwa ndani, upande wa ukutani,
pale ambapo hata msimamizi hainami.
Na kwenye kioo cha kabati, mpiga picha hakumwona,
nusu ya mwanamke: bega, sare ya kijivu,
mkono umeshika mto, anangoja mwenzake amalize.

Nikamtumia Raya.
"Mama! Hiyo haina hata bwawa."
"Mimi sijui kuogelea."
"Haina spaa."
"Nina mgongo, sina spaa. Lipia."

Sasa nimelala, joto, feni imekufa juu yangu,
nawaza asubuhi ya kwanza kule.
Nitaamka kabla ya alfajiri, hilo halina dawa,
na mikono itataka kutandika yenyewe.
Nikiiacha itandike, yule wa sare ya kijivu
ataona nimemdharau kazi yake?
Au nitakuwa nimempa dakika saba?
Dakika saba si haba.
Mtu aweza kufunga mlango kwa ndani,
akakaa ukingoni mwa kitanda kisicho chake,
akavua viatu,
kisha akasimama na kuifuta ile alama ya kukaa
kwa kiganja.