Jicho, Toleo la Kwanza

Katika orodha ya vifaa vya meli,
baada ya rada mbili, sona, na kamera inayonusa joto,
mkorofi mmoja aliongeza kwa kalamu ya risasi:
Jicho, Toleo la Kwanza.
Idadi: mawili. Vipuri: hakuna.

Ndivyo wanajeshi wanavyoliita, nusu utani,
jicho hili la kuzaliwa nalo
lisilodai umeme wala fundi kutoka Ottawa.
Ukiambiwa "tumia Toleo la Kwanza",
maana yake toka nje, baridi ikuume, utazame.

Mimi nilikuwa mtu wa rada.
Chumba kisicho na dirisha, kahawa iliyolala,
na mstari wa kijani unaozunguka, unaozunguka,
ngamia wa kinu asiyeona mafuta.

Eldred Budgell alisimama juu, upande wa upepo,
chumvi imeganda kwenye ndevu,
akimung'unya tangawizi,
miezi minane kabla ya kustaafu.
Darubini aliivaa shingoni kwa kutii amri tu.
"Hiyo ni tundu la ufunguo," alisema.
"Mimi nataka mlango mzima."

Usiku mmoja wa Aprili, mashariki ya Labrador,
bahari ilichafuka, kioo changu kikajaa chenga:
kila wimbi lilijibu mimi hapa, mimi hapa.
Nikapunguza kelele, kama nilivyofunzwa.
Nikaripoti: mbele kweupe.

Sauti yake ikaingia kwenye spika.
"Barafu. Nyuzi kumi kulia. Karibu."
Luteni Desrosiers akaniuliza, unaiona?
Siioni.
Akamuuliza Eldred, una hakika?
Kimya. Halafu:
"Bwana, hata mimi barafu siioni.
Naona mahali ambapo wimbi halivunjiki inavyopaswa."

Luteni alikuwa na miaka ishirini na sita
na nusu dakika ya kuamua nani mwongo,
mashine ya mamilioni au mzee wa tangawizi.
Akaamuru usukani ugeuzwe.

Kilitupita ubavuni, cheusi, kimelowa,
kinono kama lori lililozama hadi madirishani,
kipande kilichomeguka kutoka siwa barafu.
Mabaharia hukiita mngurumaji.
Nilitoka kukitazama. Kilikuwa kinahema.
Nikarudi kwenye kioo changu:
hakuna kitu.
Hata nilipojua kilipo, hakuna kitu.

Husemwa macho hayana pazia.
Ya Eldred sasa yanalo.

Mwaka jana nilivuka kwenda kisiwa cha Fogo kumwona.
Mtoto wa jicho, yote mawili.
"Ujanani sikujaliwa," alisema,
"uzeeni wamekuja pacha, wameketi mbonini."
Upasuaji ni Machi, St. John's,
kivuko kikiweza kupenya barafu.
"Ileile," akasema, akacheka peke yake.

Akanisogezea kiti dirishani.
Niambie.

Nikasema, bahari.
Akasubiri.
Nikasema, bahari ya kijivu, uzio umelala,
mashua ya jirani imefunikwa turubai la buluu.
Akasubiri, kama Luteni alivyosubiri.
Kidole chake kiligonga meza pole pole,
na mimi, miaka kumi na tisa ya kusoma kioo,
niliona aibu ya mwanafunzi asiyejua herufi.

Basi nikaacha kutafuta vitu.
Nikayafuata mawimbi, moja, na jingine, na jingine,
mpaka macho yakaniwasha,
na karibu na mwamba, moja
likasita.

"Pale," nikasema.

Akainamisha kichwa upande wa dirisha.
"Nyuzi ngapi?"