Mistari ya Shoto

Butimba, saa saba usiku. Mchana haiwezekani:
malori yanayokwenda Mwaloni kufuata dagaa
yanaitikisa meza, na meza ikitikisika
hata kwa nusu ya unene wa unywele
namba zinaanza kusema uongo.

Kwa hiyo napima usiku, madirisha yamefungwa,
visubi wa ziwani wameganda kwenye kioo
kama uji uliomwagika ukakauka.
Leokadia amesinzia kitini, soksi miguuni:
tulikubaliana kuvua viatu.
Sijui kama viatu vinatikisa chochote.
Tunavua.

Chini ya lenzi, kipande cha silikoni ya buluu,
ile ya mafundi wa meno,
niliyoibandika Jumapili juu ya jiwe la mama kule Kayenze
nikaibandua imebeba uso wake,
vilima vikiwa vibonde, vibonde vilima,
kama muhuri.
Mama aliuliza: sasa unalipima nini jiwe lililokwisha?
Nikasema: ulivyolimaliza.
Akacheka. Basi andika, uwele, miaka thelathini na miwili.

Hadubini hii haina pupa.
Nuru yake hupenya tundu dogo kuliko la sindano,
na inayorudi na ukungu hukataliwa mlangoni.
Huona tabaka moja tu,
hushuka kidogo, huona jingine,
hushuka.
Kisha huyapanga yote, karatasi juu ya karatasi,
mpaka jiwe lisimame kwenye skrini,
nyekundu kwenye miinuko, buluu kwenye mabonde,
Ukerewe nzima na maji yake
ndani ya nusu milimita.

Mparuzo wa wastani: mikromita nne nukta moja.
Laini mno kwa matale ya kwetu.
Huo ni mkono wa mama, naujua,
mifereji membamba yote ikiegemea kulia
kama nyasi baada ya mvua ya upepo.

Lakini chini yake,
katika vishimo ambavyo uwele wa baadaye haukuvifikia,
kuna mistari mingine. Minene. Imelalia upande wa pili.
Mtu wa shoto.

Nilimwamsha Leokadia. Hakuamini, na ndiyo kazi yake.
"Geuza sampuli nyuzi tisini, pima tena.
Ikibaki palepale, ni kasoro ya mashine."
Nikageuza. Dakika arobaini, feni inakoroma.
Mistari iligeuka pamoja na jiwe.

Kwetu mwenye shoto alikuwa mmoja:
Lugwisha, karani wa mizani kwenye jineri ya pamba,
baba, ambaye jikoni hakuingia hata kuwasha sigara;
alisimama nje akakohoa,
akapokea kijinga cha moto mlangoni.
Na ule mwaka nyonga ilipomlaza mama miezi saba,
mimi mchanga, nahamishwa mgongo hadi mgongo,
wakubwa zangu wanasema ugali haukukosekana hata siku moja.
Sijasikia aliyeuliza unga ulitoka wapi.

Namwona sasa, kapiga magoti, taa kaizima,
anasukuma, anavuta,
karani wa mizani,
asisikike kwa jirani,
akikandamiza kuliko inavyotakiwa
kama mtu ambaye hakufundishwa.

Kwenye jedwali kuna safu: idadi ya wasagaji.
Niliandika moja tangu Jumapili.
Nikafuta.

Kulipokucha nikampigia mama. Nikamweleza taratibu,
tabaka kwa tabaka.
Alinyamaza. Nikasikia kuku, nikasikia ndoo ikitua.
Kisha kwa sauti ya chini,
kana kwamba marehemu yuko chumba cha pili:

"Hiyo mashine yenu,
ukiiachia iendelee kushuka,
inaona na mengine?"